Kufuta Kishikwambi Huanza Siku ya Kukipokea

Mwezi Desemba 2022 gazeti la New York Times lilitoa habari ya kifaa kimoja kilichonunuliwa eBay kwa dola 68 za Marekani. Wanunuzi walikuwa watafiti wa usalama wa kompyuta nchini Ujerumani, wa kundi la Chaos Computer Club, wakiongozwa na Matthias Marx. Kifaa chenyewe huitwa SEEK II. Jeshi la Marekani lilikuwa likikitumia kupiga watu picha za uso, kuchukua alama za vidole na kusoma mboni za macho. Ndani yake watafiti walikuta memori kadi yenye taarifa za watu 2,632, wengi wao wa Afghanistan na Iraq: majina, uraia, picha, vidole na mboni. Walikuwamo waliokuwa wakisakwa, walikuwamo walioonekana kufanya kazi na Wamarekani, na walikuwamo waliosimamishwa tu kwenye vizuizi vya barabarani. Kifaa kilikuwa kimetumika mara ya mwisho mwaka 2012 karibu na Kandahar, na kwa kipindi chote kilichofuata taarifa hizo zilikaa humo bila kufungwa kwa fumbo lolote. Mdukuzi hakuhusika. Kifaa kilitoka kazini, kikapita mikono ya wauza bidhaa zilizotumika, kikafika sokoni. Na wakati habari inatoka, Taliban walikuwa wamekwisha kurudi madarakani mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo kujulikana kwamba fulani alifanya kazi na Wamarekani halikuwa jambo dogo.

Nimeanza na Kandahar kwa sababu kisa kile kinaonyesha jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu vishikwambi hulipita upesi. Wale watu 2,632 hawakuwahi kukishika kile kifaa. Hawakuwa na kitufe cha kubonyeza wala nenosiri la kubadilisha. Walikaa mbele ya askari, wakapigwa picha, wakaondoka. Usalama wao ulikuwa mikononi mwa aliyekabidhiwa kifaa, na zaidi ya huyo, mikononi mwa aliyepanga kitumikeje na kirudishweje.

Sasa tutazame hapa kwetu. Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania iliyofanyika tarehe 23 Agosti 2022, ile iliyotuhesabu tukawa 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Kenya nayo ilitumia vishikwambi katika sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 47,564,296. Uamuzi wa kumpa mwalimu kifaa kilichokwisha kufanya kazi ya karani wa sensa ni wa busara. Fedha ya umma inatumika mara mbili. Sina dai lolote kwamba taarifa za kaya zilivuja njiani. Ninachosema ni kwamba kishikwambi siku hizi ni mali inayozunguka. Leo yuko nacho karani wa sensa, kesho mwalimu, keshokutwa afisa ugani, mhudumu wa afya ya jamii au msimamizi wa mradi wa miaka miwili ambao fedha zake zinakwisha Juni. Kila mzunguko una siku ya kurudisha, na kila siku ya kurudisha huja na swali lile lile: nani amefuta, na amefuta nini? Jibu langu ni kwamba swali hilo likiulizwa siku ya kurudisha limechelewa. Kishikwambi hufutika vizuri au vibaya kutegemea kilivyowekwa siku kilipopokewa.

Dai hilo linahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza uko kwenye namna kifaa kinavyotunza kumbukumbu. Ukifuta picha, mashine kwa kawaida haiipangusi picha. Inafanya kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo akaziacha sura zote za kitabu zilivyo: msomaji wa kawaida haoni pa kuanzia, lakini mwenye subira akipekua atasoma. Kwenye diski za zamani dawa yake ilikuwa rahisi kueleza, yaani kuandika vitu vingine juu ya vile vya mwanzo. Kishikwambi hakina diski ya namna hiyo. Kina kumbukumbu ya flashi, ambayo vijisehemu vyake huchakaa kadiri vinavyoandikwa, na kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani husambaza kazi ya kuandika ili sehemu moja isife kabla ya nyingine. Matokeo yake ni kwamba unapodhani umeandika juu ya faili la zamani, kidhibiti kimeandika mahali pengine, na la zamani bado lipo. Mwaka 2011 Michael Wei na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili kwenye diski za flashi. Waligundua kwamba hakuna hata njia moja ya kufuta faili mojamoja, kati ya zile zilizobuniwa kwa ajili ya diski za kawaida, iliyofaa kwenye flashi. Kuijaza diski nzima kwa maandishi mapya mara mbili mara nyingi kulitosha, ila si mara zote. Na baadhi ya watengenezaji walikuwa wameweka amri rasmi ya kufuta ambayo haikufanya kazi ilivyotakiwa.

Hapo wengi watasema: mimi sifuti faili mojamoja, mimi narudisha kifaa kwenye mipangilio ya kiwandani. Vizuri. Mwaka 2015 Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichukua simu 21 za Android zilizokwisha kutumika, za watengenezaji watano, zenye matoleo ya 2.3 hadi 4.3, wakaujaribu ufutaji huo huo wa kiwandani. Makadirio yao yalikuwa kwamba hadi simu milioni 500 zilizokuwa zikitumika huenda hazikufuta ipasavyo sehemu inayotunza data za mwenyewe. Kwenye simu ambazo ufutaji wake ulikuwa na kasoro, walipata vitambulisho vya kuingilia akaunti za Google, na katika asilimia 80 ya majaribio walipata kile kikuu kinachofungua barua pepe, anwani za watu na kalenda. Hata pale mwenye simu alipokuwa amewasha usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yote kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, waliona kwamba faili lenye ufunguo lingeweza kubaki baada ya kufuta, na nenosiri dhaifu likabahatishwa kwa kompyuta hadi likapatikana. Mtu alibonyeza kitufe kilichoandikwa futa data yote, akaona skrini ya makaribisho, akakabidhi kifaa kwa moyo mweupe. Alitimiza wajibu wake. Kifaa ndicho ambacho hakikutimiza.

Nisipoeleza kilichotokea baadaye nitakuwa nimewatisha bure. Hali imebadilika sana. Vifaa vipya vya Android vilivyotoka na toleo la 6.0 na kuendelea, kama vilikuwa na nguvu ya kutosha, vililazimika kusimba data tangu mwanzo. Kuanzia toleo la 10, la mwaka 2019, hata vya bei nafuu havikusamehewa. Google ilikuwa imebuni mapema mwaka huo mbinu iitwayo Adiantum kwa ajili ya vifaa vyenye vichakataji vidogo, ambavyo usimbaji wa kawaida ulivifanya vizito. iPad zina usimbaji wa aina hiyo ndani ya maunzi kwa miaka mingi sasa. Kwenye kifaa cha namna hii kufuta kuna maana nyingine. Mashine haihangaiki kupangusa gigabaiti 64. Inauharibu ufunguo, ambao ni herufi na tarakimu chache, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni fumbo ambalo hata aliyeliandika hawezi kulisoma tena. Kazi ya sekunde chache inafanya kile ambacho kupangusa kwa saa nzima kulishindwa kukithibitisha.

Lakini angalia sharti lililomo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa kusafisha vifaa uliotolewa Desemba 2014, iliikubali njia hii ya kuharibu ufunguo, na papo hapo ikaonya isitumike ikiwa usimbaji uliwashwa baada ya taarifa nyeti kuwa zimekwisha kuhifadhiwa bila fumbo. Sababu yake tumeiona: nakala za kabla ya fumbo zinaweza kuwa zimebaki kwenye vijisehemu ambavyo kidhibiti kimeviweka kando, na ufunguo ukiharibiwa zenyewe haziguswi, kwa kuwa hazikuwahi kuuhitaji. Kwa hiyo mwenye kishikwambi cha zamani, kisichosimba chenyewe, akiamua kuwasha usimbaji wiki ya kurudisha, amejitahidi, lakini hana uhakika. Aliyeuwasha siku ya kwanza, kabla ya kuandika jina la mtu hata mmoja, anao. Tofauti kati ya hao wawili haiko kwenye utaalamu wala kwenye programu ghali, iko kwenye tarehe.

Memori kadi nayo ina mambo yake. Ufutaji wa kiwandani kwa kawaida hauigusi kadi iliyochomekwa, na usimbaji wa kifaa mara nyingi hauifikii. Kumbuka kwamba taarifa za Kandahar zilikuwa kwenye kadi. Afisa anayenunua vishikwambi vyenye nafasi finyu akitegemea kila mtumishi ajinunulie kadi, ameokoa fedha kidogo na kuitoa nusu ya taarifa za ofisi nje ya uwezo wa ofisi.

Upande mwingine wa hoja hauhusu kumbukumbu kabisa, unahusu akaunti. Mtumishi akipewa kishikwambi, jambo la kwanza kukifanya kiwe chake ni kuingiza akaunti yake ya Google, ile ile ya simu yake. Papo hapo picha za harusi, namba za ndugu, nywila za benki zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vyote vinapata mlango mwingine. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kinga dhidi ya wizi: kifaa kikifutwa kwa njia isiyo ya kawaida na akaunti haijaondolewa, kikiwashwa kitadai akaunti ile ile ndipo kifunguke. Apple walikuwa na kinga inayofanana nayo tangu 2013. Ni kinga nzuri sana dhidi ya mwizi. Kwa mtunza stoo ni usumbufu. Anajikuta na kishikwambi kilichojifunga, mwenyewe amehamia mkoa mwingine, na njia iliyo rahisi ni kumpigia simu: ndugu yangu, hebu nitajie nywila yako tukifungue. Na mwenyewe, kwa kutotaka kuonekana mkaidi, au kwa kuogopa kukatwa fedha kwenye mafao, anaitaja. Katika dakika hiyo ametoa zaidi ya chochote ambacho mtaalamu wa Cambridge angekichimbua kwenye kumbukumbu. Nayo ni dakika iliyotengenezwa siku ya kupokea, alipochanganya akaunti yake na kifaa cha kazi. Akaunti ya kazi peke yake, au ile sehemu ya kazi ambayo Android huitenganisha na ya binafsi tangu toleo la 5.0, ingemwepusha.

Wapo watakaonijibu kwamba kishikwambi cha kazi ni mali ya mwajiri na data zilizomo ni za mwajiri, na kwamba mtumishi anayefuta kabla ya kurudisha anaharibu kumbukumbu za ofisi. Hili ndilo pingamizi lenye uzito kuliko yote, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Dodoso la kaya si la karani. Orodha ya wajawazito wanaofuatiliwa si ya mhudumu. Na mtu anayechunguzwa kwa ubadhirifu akifuta kifaa usiku wa kuamkia siku ya kukirudisha, hakuna hoja ya faragha itakayomtetea. Ila pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho linamgeukia mwajiri. Kama data ni zake, basi na wajibu wa kuzilinda ni wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asizishikilie kupita muda unaohitajika kwa kazi aliyozikusanyia. Taarifa iliyosahaulika kwenye kishikwambi stoo, wakati nakala yake ipo kwenye seva, haina kazi tena. Anayepaswa kuifuta ni ofisi, kwa utaratibu: kwanza ihakikishe zote zimefika kwenye seva, kisha ifute, na mtumishi awepo aone, kwa sababu humo ndani mna na vyake.

Kuna anayesema hana cha kuficha. Huyo namjibu kwa ufupi: huenda ni kweli kwa upande wake, lakini kishikwambi cha kazi kimejaa habari za watu ambao hawakumpa ruhusa ya kuwasemea.

Mwingine atauliza ni nani hasa atakayepoteza muda kuchimbua kifaa cha mwalimu wa shule ya msingi. Nakubali, wengi wanaonunua kifaa kilichotumika wanataka kifaa tu, na fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue ana foleni ya vioo vya kubadilisha. Lakini ugumu wa kuchimbua tunaukuza. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walipokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT, walinunua diski kuu 158 zilizokwisha kutumika, zikafanya kazi 129, na kati ya hizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Kwenye zilizobaki walikuta, pamoja na mengine, namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Mwaka 2014 kampuni ya Avast ilinunua simu 20 za Android zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni, ikarudisha picha zaidi ya 40,000 kwa programu za kawaida za kurejesha vilivyofutwa. Programu za namna hiyo ni za bure, na hazihitaji shahada. Na haihitajiki wachimbuaji wawe wengi. Picha moja ya binti mmoja ikimfikia mtu mmoja mwenye nia mbaya inatosha kuanzisha vitisho vya kudai fedha, na hapo hakuna takwimu itakayomfariji.

Wala tusidhani uzembe huu ni wa wasio na uwezo. Mwezi Septemba 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliitoza kampuni moja ya benki ya Morgan Stanley dola milioni 35. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilikuwa imewapa wahamishaji mizigo, watu wasio na uzoefu wowote wa kufuta data, kazi ya kuondoa diski na seva zilizokuwa na taarifa za wateja, na baadhi ya vifaa hivyo viliishia kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa bado na taarifa ndani. Mamlaka ilikadiria walioathirika kuwa wateja wapatao milioni 15. Benki ya namna ile haikukosa wataalamu. Ilikosa kuamua mapema kwamba kufuta ni kazi ya fulani, yenye uthibitisho wake, na si sehemu ya kuhamisha samani.

Dawa ya nyundo nayo ina wafuasi wake: vunja, choma, tupa. Wengine huongeza kwamba kufuta kwa kweli ni kuandika juu mara 35, namba inayotokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 kuhusu diski za sumaku za wakati ule. Gutmann mwenyewe alikuja kulalamika kwamba watu wameigeuza kuwa uganga. Kwa kishikwambi haina kazi, na kuandika mara nyingi hivyo kunachosha flashi bure. Nyundo nayo ni ya kukisia, kwa kuwa kijisahani chenye kumbukumbu ni kidogo na kinaweza kubaki kizima chini ya kioo kilichosagika, wakati betri ya lithiamu ikitobolewa inawaka moto. Isitoshe, mwalimu anakisubiri.

Pingamizi ambalo siwezi kulifuta lote ni la anayeogopa kusahau. Usimbaji na nenosiri imara maana yake ni kwamba ukisahau, hakuna fundi wa kukusaidia, na kazi ya wiki nzima kijijini inaweza kupotea. Hiyo ni gharama ya kweli, hasa mahali ambapo mtandao hupatikana siku mbili kwa wiki na nakala haiendi kwenye seva kila jioni. Inapunguzwa kwa kutuma kila mtandao unapopatikana, na kwa ofisi kuwa na uwezo wa kubadilisha nenosiri kutoka makao makuu. Haimalizwi. Ila tupime pande zote mbili: anayesahau nywila anapoteza kazi inayoweza kurudiwa, na anayekirudisha kifaa wazi anapoteza siri za watu, ambazo hazizoleki.

Kwa hiyo hati ya makabidhiano ndiyo ningependa ibadilike. Tumezoea hati inayouliza chaja ipo, kava lipo, kioo hakijapasuka, namba ya kifaa ni ipi. Iongezwe mistari michache, nayo ijazwe siku ya kupokea: kifaa kinasimba data, ndiyo au hapana, kimefungwa kwa nywila ya tarakimu sita au zaidi, akaunti iliyoingizwa ni ya kazi, hakina memori kadi, au kinayo na ni ya ofisi. Kisicho na usimbaji kisipewe mtu wa kukusanya habari za wagonjwa, kipelekwe kwenye kazi ya kuonyeshea vitabu. Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo ujazwe wakati wa kurudisha: data zimethibitishwa kufika, akaunti zimeondolewa, laini na kadi zimetolewa, kifaa kimefutwa kutoka kwenye mipangilio yake yenyewe na kikawashwa hadi ukurasa wa makaribisho bila kudai akaunti ya mtu. Wote wawili watie saini.

Kinabaki kishikwambi kilichokufa, kile kilichoanguka mtoni au kilichogoma kuwaka, na vya namna hiyo ndivyo vinavyolundikana stoo kuliko vyote. Hakifutiki, kwa kuwa hakuna skrini ya kubonyeza, lakini fundi mwenye vifaa anaweza kuing'oa kumbukumbu yake na kuisoma kwenye mashine nyingine. Ikiwa kilikuwa kikisimba data na kimefungwa kwa nywila ya maana tangu siku ya kwanza, atakachokisoma ni fumbo, na ofisi inaweza kukipeleka kwa wakusanya taka za kielektroniki bila wasiwasi mkubwa. Ikiwa hayo hayakufanyika, kijisahani chake lazima kisagwe na mtu anayejua kinakaa wapi, na ofisi itunze cheti cha kazi hiyo, hata kama ni kwa ajili ya kishikwambi kimoja cha shilingi laki mbili.